Kibao cha Kuchongea Masikio

4 Februari

Binti yangu, mama yangu mdogo,

Hujambo? Mimi sijambo, isipokuwa goti, na goti silihesabu kuwa ugonjwa, tumeshazoeana. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu unanimwagia mambo kumi kwa pumzi moja, mimi naitikia tu, nikikata nimebaki na "sawa baba" peke yake. Barua nitaisoma mara mbili.

Hapa karakana ya hospitali mambo yamegeuka. Mkuu wetu ametangaza kwamba kuanzia mwezi ujao masikio na pua bandia hazichongwi tena kwa nta. Mgonjwa anapigwa picha na mashine inayomzunguka kichwa, picha inaingia kwenye kompyuta, nami nachonga humo humo kwa kalamu isiyo na wino, juu ya kibao. Nikimaliza, kazi inatumwa chumba cha pili, mashine inatoa umbo, wenzetu wa huko wanamimina mpira laini wa rangi ya ngozi, na sikio linanirudia kwenye boksi siku ya kumvalisha mgonjwa. Miaka thelathini na moja sikio halijawahi kutoka mikononi mwangu mpaka linafika kichwani mwa mtu. Sasa litakuwa linatembea bila mimi.

Nimeambiwa nichague kibao. Muuzaji amenionyesha aina mbili. Kimoja cheusi kitupu, hakina kioo, unachora juu yake huku unachokichora ukikitazama kwenye kompyuta mbele yako. Cha pili kina kioo, kalamu inagusa picha yenyewe. Mimi moyo umependa kile cheusi, lakini muuzaji akacheka kidogo, akasema watu wa umri wangu huwa wanakwenda na chenye kioo. Basi sijui. Wewe ndiye unayeshinda na vitu hivyo ukichora katuni, niambie.

Wa kwanza kwenye kibao atakuwa mwalimu wa hesabu, mama mmoja mpole, jiko la gesi lilimlipukia likaondoka na sikio lake la kulia. Ameniambia amechoka kufundisha amejifunga kitambaa wakati wanafunzi wanajua kilichopo chini yake. Nimemwahidi kwamba shule zikifunguliwa mwezi wa nne ataingia darasani kichwa wazi. Sitaki kumwangusha.

Baba yako

*

9 Februari

Shikamoo baba,

Pole na goti. Na huyo muuzaji mwambie umri wako haumhusu, ila kwa hili yuko sahihi. Chukua chenye kioo.

Kile cheusi ni cha sisi tuliozoea. Mkono uko chini, macho yako juu, mtu anayeanza anachora puani akidhani yuko kwenye paji la uso. Mimi mwenyewe kilinitoa machozi miezi miwili. Chenye kioo ni sawa na karatasi, unapogusa ndipo panapochoreka. Kalamu yake haichajiwi, na inajua umekandamiza kwa nguvu au umegusa tu, ukikandamiza inachimba, ukigusa inapapasa, kama kisu chako cha nta. Kinasimama kwa kuinamia kidogo, shingo haitakuuma.

Tena usihangaike na madukani. Nitakichagua mimi, nitaingiza programu ya kuchongea, nitapanga kila kitu, nikutumie kikiwa tayari kwa kazi. Wewe ni kuwasha na kuchonga, nisikuchoshe na maelezo.

Halafu kuna jambo. Mkuu wako alinipigia simu. Anatafuta mtu wa kuzunguka hospitali zao zote kuwafundisha mafundi kutumia vibao hivi, na nilipomwambia kibao chako nitakipanga mimi, akataka aone kwako kutakwendaje kwanza. Baba, huku kwetu nusu ya wachoraji tumeambiwa tukae tusubiri majibu kama tutabaki kazini, na mimi ni mmoja wao. Sikutaka kukutia roho juu, lakini ujue kwamba kwako kukienda vizuri na kwangu kutaenda vizuri.

Msalimie shangazi.

Binti yako

*

2 Machi

Mama,

Kibao kimefika salama, umekifunga utadhani ni mtoto mchanga. Mwenzangu anayetengeneza meno bandia alikuja kukitazama mara tatu, na kila mara ana kisingizio kipya.

Nimekizoea kwa shida, nisikufiche. Tatizo ni kwamba mkono wangu unalifunika sikio ninalolichonga. Wewe hukuwahi kunitazama kazini kwa muda mrefu, ulikuwa unaona vichwa vya nta unakimbia. Mimi mkono wangu siuangalii. Namketisha mgonjwa dirishani, nakazia macho sikio lake zima, na vidole vinatengeneza lile la upande wa pili vyenyewe. Macho yanaona la kushoto, mkono unatoa la kulia. Ukiniuliza nageuzaje, sijui, nageuza tu, kama wewe unavyopanda ngazi bila kuhesabu. Sasa kwenye hiki kioo nalazimika kuinua mkono kila mara nichungulie.

Hata hivyo sikio la mwalimu nimelimaliza. Zuri. Nimemwekea na kile kikunjo kidogo juu ya ndewe alichonacho upande wa pili. Nimebonyeza kitufe cha kutuma kama ulivyonielekeza, likaenda zake chumba cha pili. Nilijisikia kama nimempandisha mtu gari bila kumpungia mkono.

Nawe kazi yako vipi? Mkuu amesema lolote?

Baba yako

*

24 Machi

Mama,

Samahani kwa ukimya. Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia hili na namna yenyewe haipo, kwa hiyo nalisema lilivyo.

Tarehe kumi na mbili mwalimu alikuja kuvaa sikio lake. Alikuja na dada yake. Nikafungua boksi, nikalishika, na kabla sijalifikisha kichwani vidole vikanijulisha. Lilikuwa sikio la kushoto. Zuri, kikunjo kipo, kila kitu kipo, ila ni la upande alio nao tayari. Nikalijaribu hata hivyo, sijui kwa nini. Lilitazama nyuma. Mwalimu alijiona kwenye kioo. Alifunga kitambaa chake taratibu, akaniambia "ahsante, fundi, nitasubiri." Ni afadhali angenitukana.

Nikarudia. Mama, nilikaa na kazi ile siku nane. Nilihakikisha mara tano kwenye kioo cha kibao kwamba ni la kulia, nikamwita na mwenzangu wa meno, naye akasema la kulia. Nikatuma. Juzi boksi limekuja, la kushoto tena.

Nilikwenda kwa mkuu pamoja na mwenzangu wa meno, nikamwambia kwenye kibao lilikuwa la kulia. Akafungua kazi niliyotuma, akanigeuzia kompyuta nione. La kushoto. "Fundi," akasema, bila ubaya, "mashine haikosei, inatoa ulichoipa." Mwenzangu akaanza kujiuma midomo, akasema labda na yeye hakuangalia vizuri.

Sasa nikwambie kitu ambacho sikuwahi kukueleza vizuri. Marehemu mama yangu, bibi yako, ambaye una jina lake na ndiyo sababu nakuita Mama, ule ugonjwa wake wa kusahau haukuanza kwa majina. Ulianza kwa kuchanganya pande. Alikuwa anavaa viatu kinyume, anafungua mlango kwa kuusukuma mahali pa kuvuta. Tulicheka. Alikuwa na miaka sitini na moja. Mimi mwezi wa sita natimiza sitini na moja.

Nina hofu. Sijamwambia mtu mwingine.

Baba yako

*

29 Machi

Shikamoo baba,

Barua yako nimeipata. Pole sana, baba. Nimeisoma mara nyingi.

Usijipeleke mbali. Kazi mpya inachosha, macho nayo yanachoka na kioo, na umekuwa na haraka ya kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Labda ni uchovu tu. Pumzika wiki mbili hivi, usichonge chochote.

Na nirudishie kibao nikiangalie. Kuna toleo jipya la programu, nataka niliingize halafu nikurudishie haraka. Si jambo kubwa. Mkuu akiuliza, mwambie tu kinaongezewa programu.

Mkuu alinipigia jana, akasema jambo lako linampa huzuni, ila mafunzo yapo palepale, ataniletea barua baada ya wiki chache.

Kula vizuri.

Binti yako

*

17 Aprili

Mama,

Kibao kimerudi. Sijakifungua, nimemkabidhi mwenzangu wa meno pamoja na meza yangu, visu vyangu, na kile kiti cha dirishani. Nilimwandikia mkuu barua tarehe nane kwamba naacha kuchonga. Nimebaki kwenye stoo, napokea na kutoa vifaa, na kila kitu huko kina namba. Mkuu alinishika bega. Nisingependa kushikwa bega namna ile tena.

Umesema labda ni uchovu, nami nikapumzika kama ulivyosema. Ila katika kupumzika ndipo nilipofikiri vizuri. Mtu aliyechoka anakosea kikunjo, anakosea unene. Hakosei upande mara mbili, halafu akaapa ameona kingine.

Nilikwenda kwa daktari wa mambo ya kichwa. Alinitajia maneno matano akaniambia niyakumbuke, kisha akaniambia nichore saa. Nilimchorea saa mpaka na kamba yake ya mkononi na tundu za kamba, akasema "inatosha, mzee." Maneno yote matano niliyasema. Akasema hajaona kitu, lakini ugonjwa huu mwanzoni unajificha, nirudi baada ya miezi sita. Basi sijui hata kama nimepona au nimeahirishwa.

Dada yangu amehamia hapa, maana tangu mama yako atutoke nalala nyumba hii peke yangu. Shangazi yako hana dogo. Amebandika karatasi kila mahali, SUKARI, CHUMVI, SABUNI YA UNGA, hata mlangoni kaandika VUTA. Jana nimemkuta amebandika SIMU kwenye simu. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha kicheko kikageuka kilio, na yeye akaondoka jikoni.

Kila asubuhi nikizinduka, kabla sijafungua macho, najiuliza jina langu, jina lako, na mlango uko upande gani. Nikipata vyote vitatu ndipo naamka.

Nina ombi, na ninalitoa sasa wakati maneno ni yangu. Bibi yako miaka miwili ya mwisho alikuwa ananiuliza kila siku, "wewe ni nani?" Nami nilikuwa nabishana naye. Mama, ni mimi mwanao, nitazame, ni mimi. Nilimsimamia hivyo mpaka analia. Nilitaka anijue, kwa ajili yangu si kwa ajili yake. Siku nikikuuliza wewe ni nani, usibishane na mimi. Sema wewe ni jirani, umepita kunijulia hali. Ukae kidogo, unywe chai, uondoke. Nitafurahi kwamba nina jirani mzuri.

Shule zimefunguliwa Jumatatu iliyopita. Sikwenda kupita njia ya shuleni.

Baba yako

*

21 Aprili

Baba,

Huna ugonjwa wowote. Ni mimi.

Naandika upesi kabla sijaogopa tena. Nilipopanga kibao, niliiwekea programu amri kwamba kila ukibonyeza kitufe cha kutuma, umbo ligeuzwe upande. Nilidhani utalinakili sikio zima kama unavyoliona, la kushoto, halafu programu yenyewe ilipindue liwe la kulia. Niliona nimekuondolea kazi. Sikukuambia kwa sababu nilijisemea nikimweleza baba nitamchanganya. Wewe ulikuwa umeshaligeuza kwa mkono wako tangu mwanzo. Uliloliona kwenye kioo cha kibao lilikuwa la kulia, mwenzako wa meno aliona sawasawa na wewe uliona sawasawa. Kitufe changu ndicho kilicholipindua likawa la kushoto. Mara zote mbili.

Ulinieleza mwenyewe kwenye barua ya tarehe mbili Machi, macho yanaona la kushoto, mkono unatoa la kulia. Niliisoma nikatabasamu, nikaiweka. Haikunijia kabisa.

Baba, hilo ni kosa, na kosa lingesameheka. Lililofuata si kosa. Barua yako ya tarehe ishirini na nne ilipofika nilijua kabla sijaimaliza. Nilijua nikiwa nimesimama. Nikaagiza kibao kirudi, nikaifuta ile amri, nikakutumia bila kusema kitu. Nilijiambia utachonga tena, litatoka la kulia, utafurahi, na mambo yatakwisha yenyewe. Nilikuwa naogopa mkuu akijua ni mimi ataninyima yale mafunzo. Huku wameshatupa majibu, nimeachishwa tangu tarehe mosi, hilo nalo nilikuficha. Mara mbili nimeshika simu nikaiweka chini. Nikakuandikia "labda ni uchovu" wakati najua. Maneno hayo nimeyasikia kichwani kila siku tangu niyaandike.

Sikujua utaacha meza. Lakini kuhusu bibi ulikuwa umeshaniambia, kwa hiyo hofu yako niliijua, na bado nilinyamaza. Sina pa kujificha.

Ipeleke barua hii kwa mkuu. Nimeandika wazi ili aisome. Nisamehe kama utaweza.

Binti yako

*

6 Mei

Mama,

Barua yako ilifika nikiwa stoo nahesabu glavu. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikamwomba mwenzangu wa meno anisomee kwa sauti, maana kwa wakati ule sikuwa naamini macho yangu kwa lolote. Alipofika kwenye "mwenzako aliona sawasawa" alipiga meza kwa kiganja, meno bandia matatu yakaanguka.

Kwa mkuu nilikwenda nayo saa ile ile. Niliisoma mwenyewe mbele yake. Amekataa kukupa mafunzo, kama ulivyoogopa, na sikukuombea. Meza nimerudishiwa. Shangazi yako amekwishabandua karatasi zake zote, na gundi imeondoka na rangi ya ukuta, sasa jikoni kuna mabaka kila mahali.

Kibao chenye kioo nimekiacha kwa mwenzangu wa meno, kinamfaa, yeye anataka kuona kila jino. Mimi nilikwenda dukani nikaomba kile cheusi, cha upana wa daftari lililofunguliwa. Muuzaji akaanza maneno yake ya watu wazima. Nikamwambia asimame dirishani. Nikakazia macho sikio lake la kushoto, mkono ukaenda zake juu ya ule weusi, na kwenye kompyuta likatokea la kulia, na kovu lake la kutogwa mahali pake. Alijishika sikio. Hicho ndicho kibao changu, kimekaa chini ya mkono kama hakipo.

Sikio la mwalimu la tatu nilikwenda chumba cha pili nikalisubiri mwenyewe mlangoni. Alikuja jana, safari hii peke yake. Limekaa. Alijitazama upande huu, akajitazama upande ule, hakushangilia. Amefundisha wiki tatu na kitambaa, na ahadi niliyompa ilikuwa nyingine. Alipokuwa anaondoka aliniuliza, "Fundi, yale mawili ya kwanza, kosa lilikuwa la nani?" Nikamjibu ni la nyumbani kwangu. Akaitikia kwa kichwa, akakikunja kitambaa akakitia mkobani.

Sasa mimi na wewe. Nimeandika barua mbili kabla ya hii na nikazichana. Moja ilikuwa matusi. Ya pili ilikuwa inasema yamekwisha, tusahau, wewe ni mwanangu. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ni uongo, na uongo wa kupoza tumeshaandikiana wa kutosha.

Kwa ile amri uliyoiweka nimekusamehe. Ulinidharau kidogo, watoto wote hudharau wazazi wao kidogo, na mimi nilimdharau mama yangu alipokuwa anavaa viatu kinyume. Kwa kazi uliyoipoteza moyo unaniuma kweli, na ungeniambia ningekuja kukuchukua. Lakini kati ya tarehe ishirini na tisa Machi na ishirini na moja Aprili kuna siku ishirini na tatu. Nimezihesabu kwenye kalenda kwa kidole. Siku ishirini na tatu nilikuwa najiaga. Nilikufundisha namna ya kuwa jirani yangu, nawe ulikuwa unajua kwamba sina kitu.

Kwa hizo bado. Sijui lini. Asubuhi bado najiuliza yale maswali matatu kabla sijafungua macho, mazoea yamekaa, na nikifika kwenye jina lako hasira inapanda, halafu ndipo naamka.

Chumba chako kipo, shangazi yako amekwishatandika kitanda bila kuniuliza. Umeachishwa kazi, huna sababu ya kukaa huko peke yako. Njoo. Ila usije mwezi huu, nisije nikakupokea kwa uso ambao hutausahau. Njoo wa sita, baada ya tarehe kumi.

Baba yako